Msokoto Wenye Sikio

Verna Pruitt hakutaka kukaa. Alisimama katikati ya sebule yake, mkoba ameubana kwapani kama mtu anayengoja basi, na macho yake yalitua kila mahali isipokuwa kwenye zulia dogo lililokuwa mbele ya kiti cha mumewe. Zulia lilikuwa bado limelowa.

"Nimelisugua," alisema. "Najua hamtaki mtu aguse kitu. Nilishindwa kulitazama."

Ines Borba, mpelelezi wa polisi wa kaunti, alivuta kiti akakaa yeye, ili angalau mmoja wao aonekane ametulia.

"Mzee Gideon yuko kwenye mashine ya kupumulia, mama. Madaktari wanajua ni sumu. Wasichojua ni imetoka wapi. Hebu anzia dukani."

"Mimi sikuingia dukani. Nilikaa ndani ya gari. Watu wa kanisani wakipita je? Niliinama chini nikajifanya natafuta hereni. Gideon hajawahi kuvuta kitu hicho maishani mwake. Kaendesha basi la shule mpaka kastaafu, na kila asubuhi alikuwa anawanusa watoto midomo wakipanda. Halafu mgongo ukamshika. Vidonge vya daktari vikamfunga choo. Ndipo yule mpuuzi wa kinyozi akamwambia, nenda kwa Corwin Leach, kajaribu, siku hizi bangi si jela tena, unapewa na risiti."

"Akanunua nini?"

"Kikopo cha bati. Misokoto mitano, imeshasokotwa, kazi yako ni kuwasha tu. Tulifika nyumbani akakifungua hapo mezani kama anafungua chokoleti. Tulicheka, afande. Wazee wazima tumefunga mapazia."

"Kibandiko cha kopo kilikuwa kizima?"

"Kizima. Alikikata kwa kisu chake."

"Akachukua upi?"

"Ule mzuri."

"Mzuri vipi?"

"Minne ilikuwa imekunjwa bapa kichwani, yote sawasawa, kama kalamu za risasi kwenye kasha. Wa tano ulikuwa na sikio." Verna aliinua vidole viwili kando ya kichwa chake, akavishusha haraka kana kwamba ameona haya. "Akaniambia, ona huu, Verna, una sikio, pengine utanisikiliza kuliko wewe. Akalivunja lile sikio akaliweka kwenye kisahani, nadhani alidhani ni kifuniko. Akawasha. Hakumaliza hata nusu."

Kalamu ya Ines ilisimama juu ya karatasi.

"Halafu?"

"Jasho. Shati lote. Mate yakaanza kumtoka kama mtoto anayeota meno, akawa anayafuta na yanakuja. Nikamshika uso nimtazame. Mboni hazikuwepo, afande. Vitobo tu, kama ncha ya sindano. Alikuwa ananitazama na vile vitobo na hanioni."

Mlango wa nyuma uligonga. Sajenti Harlan Stroud, mkuu wa Ines, aliingia na matope ya bustanini kwenye viatu, mkononi ameshika mfuko wa ushahidi wenye chupa ya plastiki.

"Borba. Njoo jikoni kidogo."

Jikoni, Stroud aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Dawa ya wadudu. Ilikuwa nyuma ya banda, imefunikwa na gunia. Maabara wamenipigia sasa hivi, na kilichomwangusha mzee ni dawa ya wadudu."

"Walisema ya aina gani?"

"Ya zamani. Iliyopigwa marufuku. Ile wanayopanda nayo milimani wale wanaolima msituni bila kibali."

"Na hii chupa yako inauzwa dukani, Sajenti. Ina picha ya kipepeo."

"Chupa ina picha ya kipepeo. Ndani tutajua." Stroud alipunguza sauti. "Mke hakuvuta. Mke alikuwa kwenye gari. Mke ameosha zulia kabla hatujafika. Mimi sihitaji kwenda chuo kwa hayo."

"Anaogopa."

"Na angekuwa na hatia angefanyaje, acheze?"

Kisahani kilikuwa juu ya meza, karibu na kopo lililobaki na misokoto minne. Alivaa glavu, akachukua koleo dogo la ushahidi, akalishika lile sikio la karatasi, akaligeuza.

Lilikuwa limesokotwa kuelekea kushoto. Likakunjwa mara mbili. Ncha ikachomekwa chini yake yenyewe.

Koleo lilimponyoka likagonga sakafu.

"Una nini?" aliuliza Stroud.

"Glavu zinateleza."

Miaka ile helikopta za serikali zilipokuwa zikishuka juu ya vilima kila vuli kusaka mashamba ya bangi, watu wa huko hawakuweka jina kwenye kitu chochote, si gunia, si chupa, si sanduku la barua. Lakini kwenye harusi na matanga misokoto yote ilitiwa kwenye bakuli moja, na kila nyumba ilifunga ncha kwa namna yake, ili mvutaji ajue anavuta ya nani, na kesho amjue wa kumshukuru au wa kumtukana. Akina Tolliver waliacha mkia mrefu. Wengine walibana ncha kwa kucha. Nyumba moja tu ilisokota kushoto, ikakunja mara mbili, ikachomeka, mpaka ncha ikalala kama sikio la sungura. Ines alifundishwa kulikunja hilo sikio kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

"Wewe si mtoto wa huko juu?" Stroud alikuwa ameinama, anatazama sikio kwa jicho moja. "Umewahi kuona kitu kama hiki?"

"Hapana," alisema Ines.

Alilitia sikio kwenye mfuko, akaufunga, akaandika saa na jina lake. Mwandiko ulitoka umepinda. Aliurudia.

*

Duka la Corwin Leach lilikuwa na vioo safi na makochi ya ngozi, na harufu iliyokutana nawe maegeshoni. Corwin mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta, mwanamume wa makamo mwenye nywele za mvi alizozifunga kisogoni, akimweleza mteja tofauti ya maua ya bangi ya kulala na ya kucheka.

"Ines! Karibu, afande. Leo tumeingiza..."

"Mtoe mteja. Funga mlango."

Corwin alifunga. Alipogeuka, tabasamu lilikuwa limebaki mdomoni peke yake.

"Ni kwa ajili ya Mzee Pruitt? Nimesikia. Nasikitika sana. Lakini bechi nzima ilipimwa maabara, nina vyeti, njoo uone. Safi kama maji ya kuogeshea mtoto."

"Ilipimwa kabla ya kusokotwa au baada?"

"Maua yalipimwa."

"Nimekuuliza kingine."

"Kabla."

"Na yalisokotwa wapi?"

"Hapa hapa, chumba cha nyuma, ndivyo leseni inavyotaka. Mashine inajaza, inatikisa, inakunja. Mkono wa mtu haugusi."

"Nionyeshe mashine."

"Sasa hivi?"

"Corwin."

Mashine ilikuwa chini ya shuka. Ines aliinua shuka. Trei zilikuwa kavu, na buibui alikwisha kujenga kati ya mdomo wa kujazia na sahani ya kutikisia. Alimpuliza buibui akakimbia. Corwin alikaa juu ya sanduku.

"Ilikufa mota," alisema. "Wiki ileile mavuno yalipoingia, ilikufa. Kila kopo lilikuwa na misokoto minne, bado mmoja mmoja. Ningefanyaje? Niuze minne na lebo inasema mitano?"

"Ukayatoa maua nje ya duka."

"Kidogo tu. Ya kujazia ile ya tano. Nikayapeleka kwa mtu mwenye mikono."

"Nyumbani kwa mtu."

"Wakijua, leseni yangu imekwenda, Ines. Nyumba yangu iko ndani ya leseni hii."

"Mtu gani?"

Corwin alitazama mikono yake. "Nilimwambia akunje bapa, kama mashine, ili wateja wasione tofauti. Nilimwambia mara mbili. Bapa! Akaniambia amenisikia. Akaniletea masikio. Ningemrudishia? Unajua anavyokutazama ukimwelekeza kazi."

Ines hakuuliza ni nani anayetazama hivyo.

"Ndiyo," alisema Corwin polepole. "Unajua."

"Kila kopo lina sikio moja?"

"Kila kopo."

"Na mangapi yameshauzwa?"

"Ni msimu wa mavuno. Mji mzima umepita hapa."

"Wateja wako una namba zao za simu."

"Ninazo, lakini nikianza kuwapigia, kesho..."

"Utawapigia wote. Unaanza wewe na wasichana wako wa dukani sasa hivi, kabla sijafika garini. Wasiwashe, wasiguse, wasitupe kwenye takataka. Mtu akikwambia ameshavuta, mwambie aende hospitali, hata kama anajisikia mzima. Unanielewa? Hata kama anakucheka."

"Na leseni?"

"Mzee Pruitt anapumulia mashine, Corwin. Yake haijafa mota."

Corwin alinyanyuka. Alichukua simu, akabonyeza namba ya kwanza kwa vidole vilivyogonga vibaya, akafuta, akaanza tena. Ines alisubiri mpaka aliposikia mtu anaitikia upande wa pili, ndipo akatoka.

Garini simu yake ililia. Stroud.

"Naenda kwa hakimu," alisema Stroud. "Naomba hati ya kumkamata Verna Pruitt. Nimegundua walikuwa wanalala vyumba tofauti."

"Mume anakoroma na mgongo unamuuma. Subiri, Sajenti."

"Nisubiri nini?"

"Sumu haikutiwa kwake. Ilikuwa ndani ya msokoto kabla haujafika dukani. Corwin anawapigia wateja wote wasiwashe. Nipe nafasi nizungumze na mtu mmoja."

"Mtu gani?"

Kifuta kioo kilifuta ukungu, ukarudi.

"Borba. Mtu gani?"

"Nitakupigia," alisema, akakata.

*

Barabara ya kupanda kilimani ilikuwa ya changarawe, na miti mikubwa myekundu ilikuwa imeibana pande zote mbili. Ines aliendesha huku akipiga simu ya nyumbani kwa mama yake. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Penye kona ambapo shamba la mama yake linapakana na ukingo wa juu wa msitu alikanyaga breki, gari likateleza kidogo.

Nguzo ya uzio ilikuwa na matufaha juu yake. Matatu, mekundu, yamepangwa vizuri.

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Huko milimani, matunda yakikuzidi unayaweka juu ya nguzo ya mpakani, jirani anachukua, na ya kwake yakimzidi anakuwekea wewe. Hakuna kubisha hodi, hakuna asante. Ines alikuwa amekula matunda ya nguzoni utoto wake wote. Kilichomsimamisha ni kunguru. Walikuwa wawili chini ya nguzo, miguu juu, na mmoja alikuwa bado ana kipande cha ganda jekundu mdomoni. Mbele kidogo, ndani ya magugu, paa jike alikuwa amelala ubavu. Ulimi ulikuwa nje na povu limekauka puani.

Ines alishuka. Alisikiliza. Hakuna ndege aliyelia. Upande wa pili wa uzio, mpira mweusi wa maji ulikuwa umetambaa chini ya majani kwenda juu, mpya kabisa, na nyayo za buti zilirudi kwenye nguzo na kuondoka. Wageni wa msimu. Watu waliokuja kulima msituni bila kibali, wasiomjua mtu, na ambao paa walikuwa wanawalia miche.

Hawakumwekea jirani matunda. Waliweka chambo.

Alivaa glavu mbili mbili. Aliyatia matufaha ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko, akayafungia nyuma ya gari. Njia iliyobaki aliendesha kama mwizi.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Lucinda Borba alikuwa mezani, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, amevaa sweta la marehemu mumewe, akifuta uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Simu hupokei," alisema Ines.

"Simu ya nini, unakuja mwenyewe. Na glavu! Unaona nyumba yangu chafu?"

"Mama, nitazame."

"Nakutazama kila siku."

"Geukia dirishani unitazame."

Lucinda aligeuka. Mwanga ulimpiga usoni. Mboni zake zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Ines alitoa redio kiunoni na kuita gari la wagonjwa, akataja njia, akataja geti. Sauti yake ilikuwa ya kazini kabisa.

"Gari la wagonjwa la nani?" alisema Lucinda. "Kijasho tu. Joto la jiko."

"Jiko limezimwa, Mama." Ines alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribia kugusana. "Kabla hujasema kitu chochote, una haki ya kunyamaza. Utakachosema kinaweza kutumiwa mahakamani dhidi yako. Una haki ya kuwa na wakili."

Lucinda alijifuta shingo kwa kitambaa.

"Unanisomea mimi? Jikoni kwangu?"

"Umeelewa?"

"Nilikuosha makalio kwenye sinki lile pale."

"Umeelewa, Mama?"

"Nimeelewa. Uliza, mkubwa."

"Corwin alikuletea maua uyasokote."

"Kama Corwin amesema, kwa nini unaniuliza? Na kama hajasema, mimi simjui Corwin."

"Mzee Gideon Pruitt anakufa hospitali. Alivuta mmoja wenye sikio letu."

Kitambaa kilisimama shingoni mwa Lucinda.

"Gideon wa basi?"

"Gideon wa basi."

"Yeye havuti."

"Alikuwa anajaribu. Mama, yale maua uliyafanya nini?"

"Niliyasokota! Yafanywe nini? Corwin ameyakausha kwa feni zake mpaka yamekuwa makapi, ukiyagusa unga. Ungesokotaje unga? Niliyatia chupani na vipande vya tufaha, yakanywa maji taratibu, kama tulivyofanya sikuzote. Yalitoka laini. Mazuri sana."

"Chupa iko wapi?"

Lucinda alionyesha kwa kidevu. Juu ya rafu kulikuwa na chupa pana ya kioo, na chini yake, kwenye mabaki ya maua ya kijani, vipande vya tufaha vilivyosinyaa. Ines hakuifungua.

"Matufaha ya mti wetu?"

"Ya mti wetu yana funza mwaka huu. Ya nguzoni. Wale wageni wa juu wameniwekea, nikasema kumbe wana adabu, tunawasema bure."

"Umeyala?"

"Kwa meno gani? Nililamba kisu. Na msokoto mmoja niliuonja jana, mpishi haonji? Ulinipa kichwa kibaya nikauzima." Lucinda alifuta mate pembeni mwa mdomo, akakitazama kitambaa kama si chake. "Ines. Yana nini yale matufaha?"

"Uliyatumia yote?"

"Nitayatumia yote ya nini? Nilitumia ya chupa tu. Yaliyobaki nimempelekea Wren kwenye nguzo yake, ana wajukuu."

Ines alikuwa ameshabonyeza namba kabla mama yake hajamaliza. Wren Tolliver aliishi bonde la pili, na simu yake haikushika mtandao siku zote. Iliita.

"Mtoto wa Lucinda!" Sauti ya Wren ilikuja na kelele za watoto nyuma yake. "Leo umekumbuka watu?"

"Mama Wren, matufaha aliyokuwekea mama yangu yako wapi?"

"Yameingia kwenye pai, yangekuwa wapi?"

"Nani amekula?"

"Hajala mtu, nimeiweka dirishani ipoe. Wanaizunguka kama nzi. Wewe Skye! Toa kidole humo!"

Ines alisimama. "Ameweka kidole mdomoni?"

"Anataka kuweka, huyu ana..."

"Mshike mkono! Mshike, Mama Wren, asilambe! Matufaha yana sumu. Wote waoshe mikono kwa sabuni, na wewe, kisha watoe nje. Pai usiiguse. Skye amelamba?"

Kwenye simu kulikuwa na kishindo, kiti kilianguka, mtoto akalia. Lucinda alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mtoto aliendelea kulia. Maji yakafunguliwa.

"Hajalamba," alisema Wren, akihema. "Nimemshika. Hajalamba. Mungu wangu, Ines, nilikuwa nimeshatoa visahani."

"Nawatumia gari. Kaeni nje."

Alikata. Kisha Lucinda akaongea, chini kwa chini, haraka, kama alivyokuwa akiongea zamani helikopta zikiwa juu ya paa.

"Nisikilize. Chupa tutaivunja. Matufaha ni ya wale wa juu, sumu ni yao, wakamatwe wao. Mimi sina sababu ya kutajwa. Lile sikio halijui mtu. Baba yako amekufa, Wren hatasema, Corwin ana leseni yake ya kulinda. Amebaki mtu mmoja tu wa kulitambua."

"Verna Pruitt anakwenda kukamatwa, Mama. Leo."

"Hatafungwa. Hana kosa."

"Baba alipokamatwa na wale wa helikopta, alikuwa na kosa gani?"

"Usimtaje baba yako ukiwa umevaa beji hiyo."

Ines alichukua redio. Lucinda alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimelowa jasho na vilikuwa vikitetemeka vyenyewe, misuli ikirukaruka chini ya ngozi kama kitu kilicho hai.

"Gideon akifa," alisema Lucinda, "unajua wataniita nini."

"Najua."

"Basi sema ni mashine."

Ines aliutoa mkono wa mama yake, kidole kimoja kimoja, akaulaza mezani. Akabonyeza redio.

"Sajenti Stroud, Borba hapa. Usiende kwa hakimu. Sumu ni chambo cha paa, kiko mpakani mwa shamba la Borba na ukingo wa juu, kuna watu wanalima huko, usipande bila watu wa kutosha. Mwambie daktari wa Pruitt niko na mgonjwa wa pili mwenye dalili zilezile. Chambo ninacho, namletea." Alivuta pumzi. "Na asubuhi uliniuliza kama nimewahi kuona sikio lile. Nilikudanganya. Msokoto umesokotwa na mama yangu, Lucinda Borba, jikoni kwake, bila leseni. Amekiri baada ya kusomewa haki zake. Mwambie mama Pruitt anaweza kukaa."

Redio ilikwaruza.

"Nimekusikia, Borba," alisema Stroud. "Kaunti nzima imekusikia."

Gari la wagonjwa lilifika taa zikizunguka ndani ya ukungu. Wahudumu walimlaza Lucinda kwenye machela, wakamkata mikono ya sweta la mumewe kwa mkasi, wakamchoma sindano ya kwanza palepale barazani. Alikuwa hawezi tena kushika mate. Lakini walipomvalisha barakoa ya hewa aliivuta pembeni, akamwita binti yake kwa kidole.

Ines aliinama.

"Baba yako aliulizwa siku tatu," alisema Lucinda. "Walimnyima usingizi. Hakutaja hata jina la mbwa wetu."

"Najua, Mama."

"Wewe hata kofi hujapigwa."

"Ndiyo."

"Niombe radhi." Vile vitobo viwili vya macho vilikuwa vikimtafuta, havimpati. "Naweza kufika chini nimekufa. Niombe radhi hapa, mbele ya mlango wangu."

Mhudumu aliangalia pembeni. Ines alishika barakoa, akairudisha juu ya pua na mdomo wa mama yake, akaubana mpira wake nyuma ya sikio.

"Siombi," alisema. "Pumua, Mama. Siombi."